Arap Koilegei Katika Majalada ya Mkoloni

Sisi wa pwani twamjua Mekatilili, aliyehamishiwa Kisii mwaka 1913. Ni wangapi wamjuao Kipchomber arap Koilegei? Huyu, nduguye Koitalel arap Samoei, alikuwa kuhani na kiongozi wa Wakipsigis, katika nchi iliyokuja kupandwa majani chai, Kericho hata Mogogosiek. Mwaka 1914 Waingereza walimhamishia Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, akafia huko. Mwaka 1934 wakatunga sheria, na ukoo wake wa Talai ukapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria.

Majalada ya mambo haya yamo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Humo jamaa hawa wameandikwa wachawi na wachochezi. Aliyeshika kalamu ndiye aliyewafukuza, basi mpekuzi awaulize na wazee. Hata hivyo, karatasi hizohizo zimekuwa ushahidi wa wajukuu, ambao mwaka 2022 walifikisha madai ya ardhi yao mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.