Krapf, Mgeni wa Ukambani, na Maana ya Krismasi

Kila ifikapo Desemba, barabara za kuelekea Wote, Kibwezi, Kitui na Mutomo hufurika magari ya watu warudio makwao. Mvua za vuli zikiwa zimekuwa njema, kunde huwa zimestawi mashambani na maembe ya Makueni huanza kuiva. Mbuzi huchinjwa, nguo mpya huvaliwa, na muziki hulia masokoni usiku kucha. Si vibaya watu kufurahi. Jamaa isiyokutana hata mara moja kwa mwaka haidumu kuwa jamaa. Lakini mara nyingi sikukuu hupita, pesa zikaisha, karo ya Januari ikabisha hodi, na moyo ukabaki mtupu kama ulivyokuwa. Ndipo hatuna budi kujiuliza: je, tuliadhimisha nini?

Njia mojawapo ya kulijibu swali hili ni kuyatazama upya maisha ya mtu ambaye wanafunzi wetu humjua kwa sentensi moja tu, kwamba alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Mtu huyo ni Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Alisomea umisionari huko Basel, Uswisi, kisha mwaka 1837 akaenda Ethiopia kwa niaba ya chama cha wamisionari wa Kianglikana cha Uingereza. Alipofungiwa mlango huko, aligeukia pwani yetu. Januari 1844 alikuwa Unguja, mbele ya Sayyid Said bin Sultan. Mtawala huyo, ambaye alikuwa Mwislamu, alimpa barua ya kuwataka maliwali wake wa pwani wamtendee wema. Basi mlango wa kwanza aliofunguliwa mhubiri huyu wa Injili ulifunguliwa na mkono wa Kiislamu.

Msiba haukukawia. Julai 1844 mkewe Rosina alifariki Mombasa kwa homa, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mtoto naye akamfuata mamaye. Kaburi lao liko Nyali hadi leo. Mwanamume huyo aliyebaki peke yake katika nchi ya ugeni alijitosa katika kazi ya lugha. Mwaka huohuo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hebu walimu na wanafunzi waitafakari picha hiyo: Mkristo na mwanachuoni wa Kiislamu, bega kwa bega, wakitafuta neno la Kiswahili lifaalo kueleza jinsi Mungu alivyoumba mbingu na nchi.

Ushirikiano wa namna hiyo umeacha alama vinywani mwetu. Mhubiri anaposimama Kitui siku ya Krismasi na kunena kwa Kiswahili juu ya malaika, imani, sala, baraka na rehema, anatumia maneno ya asili ya Kiarabu yaliyokomazwa na vizazi vya Waislamu wa pwani. Anapotaja jina la Mungu, anatumia neno la Kibantu, ndugu wa neno Mulungu ambalo Wakamba walilitumia katika maombi yao kabla mmisionari yeyote hajavuka Mto Athi. Hotuba moja ya Krismasi hubeba urithi wa dini tatu, ijapokuwa msemaji na wasikilizaji wake huenda hawatambui.

Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo Rabai. Kutoka hapo, Novemba 1849, Krapf alifunga safari ya Ukambani. Alipita Kikumbulyu, sehemu iliyomo leo katika Kaunti ya Makueni, akaendelea hadi Kitui kwa Kivoi Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika pwani. Kivoi alimkaribisha na kumsimulia habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona kwa macho yake. Mabingwa wa jiografia wa Ulaya hawakusadiki kuwa kuna theluji karibu na ikweta; Mkamba wa Kitui alikuwa akilijua jambo hilo zamani.

Mwaka uliofuata, huko Tübingen, Injili ya Marko ikachapishwa kwa Kikamba, tafsiri yake Krapf. Lakini somo lake kuu lilikuwa bado mbele.

Mnamo 1851 alirudi Ukambani, na Agosti akafuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa. Msafara ukatawanyika, na Krapf akajikuta peke yake nyikani, bila chakula, bila mwenyeji, bila njia. Alipofika mtoni alichota maji akayatia katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini, kwa kuwa hakuwa na chombo kingine. Alisafiri usiku na kujificha mchana. Maji yalipokwisha, akasikia kelele za nyani katika mto uliokauka, na humo akakuta shimo walilolichimba mchangani. Ndani yake mlikuwa na maji.

Mtu wa Kitui au Makueni hahitaji kufafanuliwa tukio hilo. Akina mama wetu hufukua mchanga wa mito mikavu hadi leo ili wapate maji ya kunywa. Lakini Krapf alikuwa msomi, mwenye vitabu, bunduki na darubini. Nyikani vitabu havikumlisha, bunduki iligeuka kibuyu, na mwalimu wake akawa nyani. Yeye aliyekuja kutoa alilazimika kupokea.

Hata baada ya kutoka nyikani taabu haikuisha, kwa maana jamaa za Kivoi walimshuku kuhusu kifo cha ndugu yao, naye alihofia roho yake. Hatimaye alifika Rabai, akiwa hai lakini bila kutimiza shabaha yake ya kujenga kituo Yatta. Mwaka 1853 afya ilimrudisha Ulaya. Alifariki Korntal, Ujerumani, Novemba 1881, na alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kuu ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata.

Tusimfanye malaika. Krapf alizihukumu kwa ukali mila nyingi za Waafrika, na hakuona kwamba maombi ya Wakamba katika mathembo, chini ya mitimkuyu, yalikuwa ibada ya kweli ya watu wenye kumjua Muumba. Ilimbidi mwana wa Mulango, Kitui, Profesa John Mbiti, aliyezaliwa 1931 na kufariki 2019, kuufundisha ulimwengu jambo hilo kwa vitabu vyake. Hata hivyo, maisha ya Krapf yanafundisha zaidi ya alivyokusudia kufundisha mwenyewe.

Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa mtu asiyejulikana na kwa mtu anayekaribishwa. Kikamba nacho kina mueni, ndugu wa neno hilo, lenye maana zote mbili. Kijerumani alichozaliwa nacho Krapf huzitenga maana hizo kwa maneno mawili. Lugha zetu zinasema kwamba asiyejulikana yu tayari mtu wa kupewa kiti na maji. Na Krismasi, tukiivua mapambo yake, ni nini kama si hadithi ya mgeni? Ni mtoto aliyezaliwa safarini, wazazi wake wakiwa wamekosa nafasi katika nyumba ya wageni.

Injili ya Luka inatueleza kwamba Mariamu aliyaweka mambo hayo moyoni na kuyatafakari. Kurani nayo, katika Sura ya Maryam, inamwonyesha mama huyo akijifungua peke yake penye mtende, maji yakitiririka chini yake, kisha akaamriwa afunge kwa kutosema na watu. Vitabu viwili vya dini mbili vinaafikiana hapa: kuzaliwa huku kulizungukwa na ukimya. Mzee Mkamba aliyeingia ithembo kwa unyenyekevu kuomba mvua asingeuona ukimya huo kuwa kitu kigeni.

Basi ndugu walimu, nanyi wanafunzi mlio likizoni, tule na tufurahi. Lakini tutenge walau saa moja ya kukaa kimya, kabla jogoo hajawika au jua linapotua nyuma ya vilima vya Mbooni. Katika saa hiyo kila mtu ajiulize ni mgeni gani alimpita mwaka huu bila kumwona: jirani wa dini nyingine, mwanafunzi aliyeacha shule kwa kukosa karo, mama aliyechimba mchangani siku nzima akapata mtungi mmoja. Kisha ainuke, amwendee. Ukimya usiomtoa mtu nyumbani mwake kumfuata mwenzake haujawa tafakuri bado. Ni usingizi tu.