Jenerali China: Askari Aliyebadilishiwa Majina

Mwalimu wa historia anayefundisha Kariobangi, iwe ya Kusini au ya Kaskazini, hana haja ya kukodi basi la kuwapeleka wanafunzi wake Nyeri ili awafunze habari za vita vya ukombozi. Akishika barabara ya Outer Ring kuelekea upande wa barabara ya Thika, akapita Huruma na Baba Dogo, atatokea Ruaraka. Huko ndiko yaliko makao makuu ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile tuliyoizoea kwa jina la NYS. Mmoja wa wakuu wa huduma hiyo tangu mwaka wa 1964 hadi alipostaafu mwaka wa 1984 alikuwa Waruhiu Itote, ambaye wengi walimjua kama Jenerali China. Vijana wetu hupita njia hiyo kila siku wakiwa ndani ya matatu. Jina la Dedan Kimathi wanalijua, kwa kuwa lina barabara na sanamu katikati ya jiji. Jina la China, ukiwatajia, wao hufikiri unazungumzia nchi ya Mao.

Itote alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurwe-ini, wilayani Nyeri. Masomo yake ya utotoni yalikuwa machache, na kiu yake ya elimu ilikuwa kubwa kuliko nafasi aliyopewa. Alipofika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1930 alijaribu biashara ndogo ndogo, akagundua upesi jinsi Mwafrika alivyozungukwa na vibali, leseni na kipande. Mnamo 1942 akajiandikisha katika jeshi la King's African Rifles, yaani KAR.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji nisimame kidogo, kwa kuwa lugha ndiyo kazi yangu. Jeshi la KAR lilikuwa darasa kubwa la Kiswahili. Ndani yake walikutana Wakamba, Wagikuyu, Wajaluo, Wakalenjin, Waganda, Wanyamwezi na Wanyasa, na amri zilitolewa kwa Kiswahili cha kambini, ambacho wenyewe wa pwani walikicheka kwa kukosa upatanisho wa ngeli. Hata hivyo, Kiswahili hicho kilituachia hazina. Neno afande tunalomwitia polisi hadi leo ni la Kituruki kwa asili. Lilitufikia kupitia askari wa Kisudani waliokuwa nguzo ya majeshi ya awali ya Mwingereza katika Afrika Mashariki. Ombashi na shaushi, vyeo ambavyo babu zetu walivitaja kwa hofu, vilipita njia hiyo hiyo. Kuruta na kombania ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kijana wa Mukurwe-ini alitoka katika jeshi hilo akiwa na lugha ya kuwaamrisha watu wasiokuwa wa kabila lake, na jambo hilo halikuwa dogo katika nchi ambayo watawala waliigawa kwa mipaka ya makabila.

Alipelekwa Ceylon, kisha Burma, kupigana na Wajapani. Katika mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, hadi kufika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi wa Desemba. Itote alikuwa miongoni mwa Waafrika waliopigana katika uwanja huo wa Kalewa. Alijifunza kuishi msituni, kuvizia, kusoma ramani, kunyamaza. Alijifunza pia yasiyokuwemo katika mafunzo ya afande. Katika kumbukumbu zake anasimulia jinsi askari mmoja Mwingereza alivyomuuliza Mwafrika anapigania nini hasa katika vita hivyo, asipate la kujibu. Akiwa likizoni Calcutta alizungumza na askari Mmarekani mweusi juu ya hali ya watu weusi ulimwenguni, na Wahindi wakamwambia kwamba wao wanatarajia uhuru baada ya vita, wakataka kujua Waafrika wameahidiwa nini. Waafrika hawakuwa wameahidiwa chochote.

Waliporudi, mambo yalikuwa yale yale. Serikali iliwatengenezea askari wa Kizungu mpango wa kupata mashamba katika nyanda za juu, ilhali Mwafrika aliyevaa sare ile ile alirudishiwa kipande chake. Itote alipata kazi katika shirika la reli, kazi ya kuchochea moto katika injini za garimoshi. (Baadaye serikali ingewaita yeye na wenzake wachochezi kwa maana nyingine.) Akajiunga na chama cha KAU, na katika Nairobi ya mitaa ya mashariki, yaani Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Bahati, akaungana na wale waliokwisha kukata tamaa ya kuandika malalamiko na kungoja majibu. Kabla Hali ya Hatari haijatangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, alikuwa amekwisha kula kiapo na kuingia katika msitu wa Mlima Kenya.

Huko ndiko alikojitwalia jina la China. Majina ya msituni yalikuwa ngao ya jamaa waliobaki vijijini. Mkoloni akilijua jina la mtu, nyumba ya babake inachomwa. Lakini uteuzi wa jina una maana yake. Mwenzake mmoja aliitwa Jenerali Tanganyika. Watu waliokatazwa kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali walijiita kwa majina ya nchi nzima. Na katika kupanga vikosi vyake, Itote alitumia yale yale aliyofunzwa na KAR: vyeo, doria, upelelezi, nidhamu ya kutunza risasi, daftari la majina. Kimathi na Stanley Mathenge waliongoza Nyandarua. Mlima Kenya ulikuwa chini ya China. Mwingereza alipambana na mwanafunzi wake mwenyewe.

Tarehe 15 Januari 1954 alijeruhiwa katika mapambano na kukamatwa. Kuanzia hapa ndipo maisha yake yanapowatatiza waandishi wa vitabu vya shule, na nadhani ndiyo sababu wengi hupendelea kumruka.

Alihojiwa kwa muda wa saa 68 na Ian Henderson, afisa wa polisi aliyekulia Nyeri na kukijua Kigikuyu kama mwenyeji. Alishtakiwa kwa kupatikana na risasi na kwa kuandamana na watu wenye silaha, makosa ambayo chini ya sheria za Hali ya Hatari adhabu yake ilikuwa kitanzi. Mahakama ikamhukumu kunyongwa. Kisha serikali ikampa njia: awaandikie makamanda wenzake msituni kuwashawishi wazungumze na serikali juu ya kuweka chini silaha. Akakubali, na hukumu ya kifo ikabadilishwa. Barua ziliandikwa, wajumbe wakatoka msituni, mazungumzo yakafanyika Nyeri. Mwanzoni mwa Aprili, wakati wapiganaji wakisubiri kuamua, mapigano yakazuka baina yao na majeshi ya serikali, watu wengi wakauawa, na waliosalia wakaamini kwamba wamehadaiwa. Mpango ukafa.

Siku chache baadaye, tarehe 24 Aprili 1954, majeshi yalizingira Nairobi. Operesheni hiyo Waingereza waliipa jina la Fuawe, lile chuma ambalo mhunzi huwekea kazi yake anapoipiga nyundo. Mafundi wa jua kali wa Kariobangi hawahitaji kuelezwa. Mitaa ya mashariki ilipekuliwa nyumba kwa nyumba. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini, Manyani na kwingineko, wengi bila kushtakiwa. Walipofunguliwa, wapo waliokuta mashamba yao yamegawiwa wengine, nao wakarudi Nairobi na kujenga vibanda katika bonde la Mathare. Baadhi ya wakazi wa vibanda vya jiji ndio waliopewa viwanja Kariobangi katika miaka ya 1960. Wazee wa namna hiyo waliishi kati yetu, na wajukuu wao wako madarasani leo. Ni watu 5,228 tu walioingia katika fidia ya pauni milioni 19.9 ambayo serikali ya Uingereza iliitangaza mwezi wa Juni 2013.

Je, China aliwasaliti wenzake? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami naona heri liulizwe kwa sauti ya kawaida, darasani. Wanaomlaumu wana hoja: alisema mengi katika mahojiano yale, na aliweka saini kwenye barua zilizoandikwa mbele ya adui. Kimathi alikataa njia hiyo, akakamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Lakini wanaomlaumu wasisahau mambo mawili. La kwanza, aliyehojiwa alikuwa mtu aliyejeruhiwa, aliye mikononi mwa maadui, akijua kwamba kamba inamngoja. La pili ni la lugha. Kumbukumbu ya mahojiano hayo, ambayo mwanahistoria Myles Osborne aliichapisha mwaka wa 2015 pamoja na habari za kesi yenyewe, imeandikwa kwa Kiingereza cha polisi. Itote hakuiandika. Tunachokisoma ni maneno yake yaliyopita katika kinywa na kalamu ya mtu mwingine, mtu mwenye haja zake. Mwanafunzi yeyote wa tafsiri ajua ni kiasi gani cha mzigo hupotea katika safari kama hiyo, na ni kiasi gani huongezwa njiani. Mimi nakiamini zaidi kile alichokiandika baadaye akiwa huru, ingawa nacho, kama maandishi yote ya mtu anayejitetea, chahitaji kusomwa kwa jicho lililo wazi. Alitafuta mwisho wa vita ambavyo aliona haviwezi kushindwa kwa silaha zilizokuwapo. Hiyo ni hukumu ya askari aliyekwisha kuona vita kubwa zaidi. Huenda ilikuwa hukumu mbaya. Lakini kuiita usaliti ni kumhukumu mtu kwa ushahidi ulioandikwa na aliyemkamata.

Alipelekwa kufungwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana, pamoja na Jomo Kenyatta na wenzake wa Kapenguria. Huko, katika joto lisilo na kivuli, mzee Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Mwalimu anayenung'unika kwa kukosa chaki na aikumbuke shule hiyo ya wafungwa: mwanafunzi wake aliandika vitabu viwili, kimoja kilichapishwa mwaka wa 1967 na East African Publishing House, cha pili mwaka wa 1979. Alifunguliwa mwaka wa 1962, akaenda Israeli kwa mafunzo, na mwaka wa 1964 akaingia NYS ilipoanzishwa.

Mkurugenzi wake alikuwa Geoffrey Griffin, mwasisi wa Starehe, ambaye wakati wa Hali ya Hatari alikuwa afisa katika jeshi la upande wa pili. Maadui wawili wa jana wakashika usukani mmoja. Kurutu wa kwanza walikuwa vijana wasio na kazi, wakiwemo wa vikosi vya vijana vya KANU na baadhi ya waliotoka msituni. Wakafunzwa gwaride, kisha wakapewa sululu na mashine, wakajenga barabara na kujifunza ufundi. Kwa wengi wao, walioukulia utoto wao katika vijiji vya dharura huku baba zao wakiwa kizuizini au makaburini, huyu mzee wa vita viwili alikuwa mtu wa rika la baba yao, aliyewaamsha alfajiri na kuwataka wapige mswaki na wafunge kamba za viatu. Walimu waliojiunga na vyuo vikuu kati ya mwaka wa 1984 na miaka michache iliyofuata, wakapitishwa kwanza Gilgil kwa mafunzo ya NYS, waliikuta nidhamu hiyo ingawa yeye alikuwa amekwisha kustaafu. Nasikia wapo wasioisamehe hadi leo.

Basi mtu mmoja aliitwa askari wa Mfalme, mchochezi, gaidi, mfungwa, na mwishowe afisa wa serikali, na kila jina lilitolewa na dola, mbili kwa zamu, bila yeye kubadilika sana. Jina moja tu alijipa mwenyewe, na ndilo vijana wetu wanalodhani ni la nchi ya Mao.

Kuna jina jingine ambalo dola mpya haikulifuta. Chama kilichoitwa Mau Mau kilipigwa marufuku mwaka wa 1950. Bendera ilipopandishwa Desemba 1963, marufuku hayo hayakuondolewa. Kwa miaka yote ishirini ya utumishi wake NYS, Itote alipokea mshahara wa serikali ambayo sheria zake zililihesabu kundi lake kuwa haramu. Alifariki tarehe 30 Aprili 1993, na watoto wake wakamzika baba aliyekuwa, kwa mujibu wa sheria hizo, mtumishi mstaafu wa Jamhuri na kamanda wa kundi lililokatazwa, yote mawili kwa pamoja. Marufuku yaliondolewa mwaka wa 2003.