Sir Clifford Allbutt: Tabibu aliyewapa wauguzi kipimajoto kifupi

MCHUMA chai anayefikishwa zahanati huko Kericho au Bomet akitetemeka huweza kumhadaa muuguzi anayemgusa kwa kiganja tu. Meno yanagongana, ngozi ni baridi, kumbe ndani ya mwili joto linapanda. Ndivyo malaria inavyopiga. Katika vilima hivyo, ambako malaria ilizuka upya mashambani mwishoni mwa miaka ya 1980, kipimajoto ndicho hutoa tahadhari ya kwanza kabla ya damu kupimwa.

Chombo hicho kiliingia wadini kwa juhudi za Thomas Clifford Allbutt, aliyezaliwa Dewsbury, Uingereza, mwaka 1836. Alisomea Cambridge, kisha akawa tabibu wa hospitali kuu ya Leeds. Vipimajoto vya enzi hizo vilikaribia urefu wa futi moja, na kila mgonjwa alihitaji dakika 20 hivi. Muuguzi mwenye wadi iliyofurika angewezaje? Ilibidi kukisia.

Mwaka 1866 Allbutt alibuni kipimajoto cha inchi sita, kilichotoa jibu kwa dakika tano na kuenea mfukoni. Mwaka 1868 Carl Wunderlich wa Leipzig, Ujerumani, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kila homa ina mwendo wake wa kupanda na kushuka. Tangu hapo, saa ya kupima ikawa na uzito sawa na kipimo chenyewe.

Shingo nyembamba ya kipimajoto cha zebaki huizuia zebaki isishuke kikitolewa mwilini, ili kisomwe kwa utulivu. Hapo pia ndipo penye mtego: kisipokung'utwa, mgonjwa wa pili huandikiwa homa ya wa kwanza. Aidha, kipimo cha kwapani huwa chini ya kile cha mdomoni, hivyo sharti chati itaje mahali palipopimwa.

Inasemekana George Eliot alimchukua Allbutt kuwa kielelezo cha daktari katika riwaya yake Middlemarch, ingawa wauguzi wana sababu kubwa zaidi ya kumkumbuka.

Aliteuliwa profesa wa tiba Cambridge mwaka 1892, akatunukiwa hadhi ya Sir mwaka 1907. Alifariki Februari 22, 1925 akiwa na umri wa miaka 88, angali profesa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920, kampuni za Waingereza zilikuwa zikianza kupanda chai Kericho.