Mkuu wa Polisi Aliyekusanya Muziki: Maisha ya Francis O'Neill

Mhariri aliponiomba niandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri, nadhani alitazamia nimchague mwanasiasa. Mimi nimemchagua polisi. Sababu yangu ni kwamba mtu huyu alikuwa mtumishi wa serikali kama wengi wetu, na jambo lililompa jina duniani hakulifanya katika saa za kazi.

Francis O'Neill alizaliwa mwezi Agosti 1848 huko Tralibane, karibu na mji wa Bantry, kusini mwa Ayalandi. Hiyo ilikuwa miaka ya njaa kuu, viazi vilipooza mashambani, watu wakafa kwa mamia ya maelfu na wengine wakajazana melini kwenda Marekani. Nyumba ya kina O'Neill haikuwa ya kimaskini sana. Upande wa mama yake walizoea kuwakaribisha wanamuziki watembezi, nao wakipewa chakula na malazi walilipa kwa kupiga. Kijana akajifunza filimbi, na masikio yake yakashika tuni nyingi ambazo hazikuandikwa popote.

Alipofika miaka 16 alitoroka kwenda baharini. Katika safari moja merikebu yao, Minnehaha, ilivunjika kwenye kisiwa cha Baker, katikati ya bahari ya Pasifiki, kisiwa kisicho na mti wala maji. Walipookolewa na chombo kingine kiitwacho Zoe, chakula kilikuwa kidogo mno. Mmoja wa mabaharia wa Hawaii alikuwa na filimbi. O'Neill akaiomba, akapiga, na tangu siku hiyo yule baharia akawa anamgawia chakula chake mwenyewe. Walipofika Honolulu wenzake walikuwa wamekonda vibaya, yeye alikuwa mzima.

Baada ya kufundisha shule kwa muda huko Missouri, akaoa, akahamia Chicago, na mwaka 1873 akaandikishwa polisi. Hata miezi miwili haijapita, mwizi alimpiga risasi, nayo ikakwama karibu na uti wa mgongo. Madaktari waliona ni hatari kuitoa, akaishi nayo hadi kufa. Alipanda cheo kimoja baada ya kingine, na mwaka 1901 Meya akamfanya Mkuu wa Polisi wa jiji zima.

Sasa, Chicago ya wakati ule ilijaa watu wa Ayalandi, kila mmoja na tuni za kijiji chake. Walikuwapo pia wapiga zumari wa Uskoti, na muziki wa nchi hizo mbili ni ndugu. Tuni moja huweza kuwa na jina hili huku na jina jingine kule, na ubishi juu ya asili yake haukwishi. O'Neill aliona wazee wanakufa na tuni zao kichwani, na watoto wao wanataka nyimbo za Kimarekani. Ndipo akaanza kukusanya.

Yeye hakuwa hodari wa kuandika noti. Alikuwa na kipaji kingine: akisikia tuni mara chache aliishika. Basi aliisikia tramuni, harusini au jikoni kwa mtu, kisha akamwendea James O'Neill, mpiga fidla kutoka kaskazini mwa Ayalandi ambaye hakuwa jamaa yake ingawa jina ni moja. Francis akaipiga kwa filimbi, James akaandika. Kazi haikuwa rahisi. Baadhi ya wapigaji walizificha tuni zao kama mganga afichavyo dawa, hata walikataa kupiga mbele ya mtu aliyesikika kuwa na sikio jepesi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wake hulipitia kwa tabasamu. Mpiga zumari mzuri akifika Chicago bila kazi, mara nyingi alijikuta amevaa sare ya polisi. James aliingizwa, na Bernard Delaney aliingizwa pia. Mimi niliyewahi kukaa katika kamati za kuajiri siwezi kulisifu hilo. Huenda kijana mwingine aliyestahili nafasi alirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini pia ninajua kwamba bila mishahara ile kundi lile lisingekaa mji mmoja.

Mwaka 1903 kitabu cha kwanza kilitoka kikiwa na tuni 1,850. Mwaka uliofuata alimzika mwanawe Rogers, kijana wa miaka 18, baada ya kuwazika watoto wengine wadogo. Mwaka 1905 akaacha upolisi. Mwaka 1907 kikatoka kitabu cha tuni za dansi 1,001, ambacho wapigaji wa Ayalandi walikizoea hata wakakiita Kitabu tu, bila kuongeza neno. Baadaye akaandika juu ya wanamuziki wenyewe. Mwaka 1931 akakabidhi maktaba yake kwa Chuo Kikuu cha Notre Dame, na mwezi Januari 1936 akafariki.

Jambo la mwisho ni la sauti. O'Neill alitumia pia mashine ya Edison, iliyonasa muziki kwenye silinda za nta. Silinda moja ilichukua kama dakika mbili, na kila ikipigwa nta ililika kidogo. Nyingine alizipeleka Ayalandi kwa Padri Henebry, ili kule walikotoka wasikie zumari ya Patsy Touhey. Zumari ile haipulizwi kwa mdomo. Hewa hutoka katika mvukuto mdogo unaobanwa kwa kiwiko. Nyingine zilibaki kimya karibu miaka mia katika ukoo wa rafiki yake Michael Dunn, mjini Milwaukee. Mwaka 2010 sauti 32 kutoka silinda hizo zilitolewa hadharani. Zimejaa mikwaruzo kama mafuta yanayokaangwa, lakini nyuma ya mikwaruzo hiyo wale konstebo na marafiki zao bado wanapiga, na mguu wa mtu unasikika ukigonga sakafu.