Maisha ya Bwana Hugh Tracey, Mkusanya Nyimbo

Mara hii tunawaletea maisha ya mzungu mmoja aliyepita pande hizi za mashariki zamani, si kwa kutafuta dhahabu wala pembe, ila nyimbo.

Hugh Tracey alizaliwa Uingereza mwaka 1903. Alipokuwa kijana kama sisi, alikwenda Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, kulima tumbako na kaka yake. Kule shambani akajifunza lugha ya wafanyakazi na nyimbo zao. Wazungu wengi walizihesabu kuwa makelele tu. Yeye akaona ni elimu. Mwaka 1929 akapeleka waimbaji 14 mpaka Johannesburg warekodiwe.

Mwaka 1952 akafika Kongo ya Wabelgiji. Kule Jadotville, sasa Likasi, alimrekodi Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa aliyejulikana sana baadaye. Upande wa Ituri akarekodi Wambuti na Wanande, na Rwanda akarekodi ngoma za Mwami na inanga, ile ambayo wazee wa hapa kwetu wanaijua vizuri. Mashine ya umeme aliiweka mbali, na waya mrefu, ili makelele yake yasiingie katika wimbo. Mikrofoni aliishika mwenyewe mkononi, akiisogeza mara kwa mwimbaji, mara kwa chombo.

Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, akatoa sahani 210. Nyimbo ziliandikiwa karatasi: mahali, lugha, chombo, jina la mwimbaji. Alikufa mwaka 1977, na maktaba yake ikahamia Chuo Kikuu cha Rhodes.

Lakini banda huzeeka kama mtu. Kwa hiyo, baada ya mwaka 2000, zile banda zilipigwa tena polepole na kuingizwa katika kompyuta. Kazi hii inataka uangalifu: banda ikienda mbio kuliko inavyopaswa, sauti ya mzee inakuwa ya mtoto. Na karatasi ikipotea, wimbo unakuwa yatima. Unasikika, lakini hakuna anayejua ni wa nani.

Kuna jambo moja la kusikitisha. Nyimbo zilikwenda mbali, wenyewe wakabaki, na wengi hawakusikia tena sauti zao. Ni katika miaka ya 2010 tu nakala zilianza kurudishwa Kenya, vijijini kwa Wakipsigis. Mzee mmoja aliyerekodiwa mwaka 1950 alikutwa angali hai. Wengine walikuwa wamekwisha kwenda.

Wenzetu, hapa Ngungu vita vimekimbiza watu mara nyingi. Mzee akikimbia anabeba mkeka na sufuria. Inanga inabaki nyumbani, na kesho haiko. Bwana Yesu, watu walipokwisha kushiba, aliwatuma wanafunzi waokote mabaki ya mikate ili kisipotee kitu. Na sisi tuokote. Wengi wetu tuko na simu inayorekodi. Basi, likizo hii, tukae karibu na babu na bibi. Tuandike jina, kijiji na tarehe. Halafu nakala ya kwanza tumpe mwenye wimbo, aisikie angali hai.