Mbaraka Mwinshehe: Gitaa lililozimikia ugenini

Na Mwandishi Wetu, Pemba

WAPENZI wa muziki kisiwani Pemba waliozaliwa baada ya mwaka 1979, mwandishi wa makala haya akiwamo, wamemjua Mbaraka Mwinshehe Mwaruka kupitia vipindi vya zilipendwa redioni. Hawakubahatika kumwona jukwaani.

Mbaraka alizaliwa Juni 27, 1944 Mzenga, wilayani Kisarawe. Mwaka 1965 aliacha masomo na kujiunga na Morogoro Jazz, iliyokuwa ikichuana vikali na Cuban Marimba ya Salum Abdallah katika mji huo huo wa Morogoro.

Hizo zilikuwa zama za gitaa la umeme. Huko California, Marekani, vijana wa ufukweni walikuwa na muziki wao wa magitaa, ambao ulivuma kwa miaka michache tu kabla ya kufunikwa na The Beatles mwaka 1964. Hapa nchini kikwazo kilikuwa kingine. Kuanzia Januari 1969, Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ilipiga vita sketi fupi na suruali za kubana. Novemba mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Dansi la Mbaraka, lililoimbwa kwa Kiswahili, lilisalimika. Mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, Japani.

Mwaka 1973 aliihama bendi hiyo na kuunda Super Volcano. Lakini umaarufu ni kitu kimoja, na riziki ni kitu kingine. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa ajili ya matangazo. Msanii aliyetaka santuri ilimlazimu kwenda Kenya. Mbaraka alikwenda, na wimbo wake "Shida" ukatikisa Afrika Mashariki.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, wakati Jumuiya ikiwa inavunjika. Mpaka ulikuwa ungali umefungwa Januari 12, 1979, Mbaraka alipofariki dunia baada ya ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34.

Super Volcano haikudumu baada ya kiongozi wake. Huko Kenya, nyimbo zake ziliendelea kutolewa katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho.