Bruno Gutmann na Lugha ya Kimochi

Bruno Gutmann alizaliwa Dresden, Ujerumani, tarehe 4 Julai 1876. Alifika Afrika Mashariki mwaka 1902 akiwa mmisionari wa Misheni ya Kilutheri ya Leipzig, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilipita Kidia, Moshi ya Kale, mlimani juu ya mji wa Moshi wa leo.

Huko husemwa Kimochi, mojawapo ya lahaja za Kichaga. Mzoefu wa Kiswahili hukuta humo jambo la kufahamika: kiambishi cha mahali huja mwishoni mwa nomino, kama -ni ya nyumbani na shambani, ilhali lugha nyingi za Kibantu hukitanguliza. Kinachomponyoka ni toni. Maneno yenye herufi zilezile huweza kutenganishwa na kupanda au kushuka kwa sauti tu, na alfabeti ya Kilatini haikuumbwa kubeba tofauti hiyo. Msemaji husoma bila taabu. Mgeni ndiye hubaki njia panda.

Gutmann alijifunza kwa kusikiliza. Wazee walimsimulia mafundisho ya jando, yaliyokaririwa kwa kufuata alama zilizochongwa katika fimbo iitwayo mregho. Aliyaandika kwa Kichaga pamoja na tafsiri ya Kijerumani, katika juzuu tatu zilizotoka kati ya 1932 na 1938. Kitabu chake cha sheria za Wachaga kilikuwa kimetangulia mwaka 1926. Alitafsiri pia Agano Jipya, lililochapishwa mwaka 1939. Mungu huitwa kwa Kimochi Ruwa, neno ambalo pia ni jua.

Mapenzi hayo yalikuwa na upande wa pili. Alitaka kanisa na shule zitumie lugha ya mlimani, akahofia kwamba Kiswahili kingemng'oa mtu katika ukoo wake. Walimu na vijana wengi wa Kichaga walikitaka Kiswahili, na Kiingereza vilevile, kwa kuwa ndizo zilizokuwa lugha za kazi na utawala. Hapo, mtu aliyewasikiliza wazee kwa makini kiasi kile hakuwasikiliza vijana.

Waingereza walimwondoa mwaka 1920 pamoja na Wajerumani wenzake. Alirudi katikati ya muongo huo, akaondoka moja kwa moja mwaka 1938, na kufariki Ujerumani tarehe 17 Desemba 1966. Anayetaka leo kutunga kamusi ya Kimochi hana budi kuzipitia kurasa zake, akiwa na mzee wa Kidia pembeni wa kumtamkia toni.